Mbaraka Mwinshehe: vyombo vilikuwa vya bendi, vidole vilikuwa vyake

Vijana wa Segese na wa vijiji vingine vya barabara ya Kahama kwenda Kakola hutuandikia meseji kuuliza jambo linalofanana. Wana kikundi cha muziki. Gitaa la solo ni la mmoja, besi ni ya mwingine, amplifaya ni ya mtu wa tatu ambaye hata hapigi chombo chochote, na wote hukutana jioni wakitoka shambani au duarani. Sasa mmoja anataka kuondoka. Aondoke na gitaa? Na amplifaya iliyonunuliwa kwa mchango inabaki kwa nani? Wengine wanauliza bendi kubwa za zamani zilifanyaje, kwa sababu wanaamini kwamba kila mpiga gitaa mwenye jina alikuwa na gitaa lake chumbani, likining'inia ukutani.

Haikuwa hivyo. Ili kueleza ilivyokuwa, tumechagua kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye karibu kila nyumba yenye redio inamjua kwa sauti hata kama haijui sura yake. Huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga solo na mwimbaji wa Morogoro, aliyefariki dunia mwaka 1979. Wengi wanaoimba nyimbo zake leo kwenye harusi hawakuwa wamezaliwa.

Mji wa bendi mbili

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944. Mwaka huo huo, mjini Morogoro, ilianzishwa bendi iliyoitwa Morogoro Jazz. Kwa hiyo yeye na bendi iliyokuja kumpa jina walikuwa rika moja, ingawa ilibidi mmoja amsubiri mwenzake akue. Neno jazz katika majina ya bendi zetu lisikuchanganye, msikilizaji. Halikumaanisha muziki wa jazz wa Marekani. Lilimaanisha bendi ya dansi, basi: magitaa, ngoma, pengine tarumbeta na saksafoni, na watu wawili wawili wakicheza ukumbini.

Bendi ya dansi ya wakati ule ilikuwa klabu kwanza, muziki baadaye. Watu walijiandikisha, wakatoa ada, wakachagua mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Wapigaji wengi hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Mchana walikuwa makarani, mafundi cherehani, wafanyakazi wa reli au wa mashamba ya mkonge, na Jumamosi jioni ndipo walipochukua magitaa. Fedha ya mlangoni iliingia kwenye sanduku la klabu. Humo ndimo zilimotoka nyuzi mpya, ngozi ya ngoma iliyopasuka, mafuta ya taa ya ukumbi, na mwisho kabisa, kama kilibaki kitu, posho ya wapigaji. Vyombo vilinunuliwa na klabu, vikafungiwa stoo ya klabu, na ufunguo ukawa kwa mtu anayejulikana. Ukitaka kujifunza solo, ulikuja saa za mazoezi ukasubiri zamu.

Kwa sisi wa Usukumani hili si jambo la kushangaza. Wazee wetu wanakumbuka Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana kwa nyimbo na kwa dawa mpaka uwanja ukagawanyika. Mtu hakuwa na ngoma yake peke yake. Alikuwa wa upande fulani, na upande ndio uliokuwa na manju, na wachezaji, na sifa. Sasa hamishia ushindani huo mjini, weka magitaa mahali pa ngoma, utaipata Morogoro ya miaka ya 1950 na 1960.

Maana upande wa pili wa mji kulikuwa na Cuban Marimba. Bendi hiyo ilikuwa ya Salum Abdallah, mzaliwa wa Morogoro wa mwaka 1928, ambaye mwaka 1948 alianza na kikundi kilichoitwa La Paloma kabla jina la Cuban Marimba halijashika. Kama wengi wa umri wake, Salum alipenda santuri za muziki wa Kuba zilizoingia Afrika Mashariki, na alizigeuza zikawa Kiswahili. Mji mmoja, bendi mbili, na kila mtu ilibidi aseme ni wa wapi.

Kijana Mbaraka alikulia katikati ya ubishi huo. Alifika kidato cha tatu, kisha akaacha shule kwa ajili ya gitaa. Tunaomba wazazi wanaosoma hapa wasitukasirikie, ndivyo ilivyokuwa. Alianzia Cuban Branch Jazz, bendi ya vijana iliyokuwa na Juma Kilaza, na jina lenyewe linakueleza kwamba lilikuwa tawi la mti mwingine. Matawi ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida. Bendi kubwa ilikuwa na vijana pembeni yake, na mara nyingi vijana walipiga vyombo wakubwa walipopumzika.

Katikati ya miaka ya 1960 Mbaraka alihamia Morogoro Jazz. Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari, na Juma Kilaza akashika uongozi wa Cuban Marimba. Bendi hiyo haikufa na mwanzilishi wake. Tafadhali lishike hilo, kwa sababu tutalirudia.

Amplifaya moja, magitaa mawili

Hapa tusimame kidogo kwenye vyombo vyenyewe, kwa sababu maswali yenu mengi yako hapa.

Morogoro Jazz ilikuwa na mpangilio ambao bendi nyingi za Tanzania zilikuwa nao. Gitaa la solo lilipiga juu, kwa nyuzi nyembamba. Gitaa la pili lilijibu katikati. Gitaa la ridhimu lilishika mwendo. Besi ilikaa chini kabisa, na saksafoni ilikuja na kuondoka. Kila moja linahitaji pa kuchomekwa. Amplifaya nyingi za magitaa huja na tundu mbili za kuchomeka, na bendi isiyo na fedha huzitumia zote mbili: solo na ridhimu katika sanduku moja. Inawezekana, lakini nguvu ni ile ile. Ukiongeza sauti ya mmoja, mwingine anabanwa.

Besi ni habari nyingine. Uzi mnene kuliko wote wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka kama mara 82, yaani maradufu. Mlio wa chini namna ile unalazimisha karatasi ya spika iende mbele na nyuma kwa umbali mrefu zaidi ili usikike. Spika ndogo ya gitaa, au ile ya sabufa ya nyumbani, haikutengenezwa kwa safari hiyo. Itaanza kukwaruza, kisha karatasi itachanika. Ndiyo maana mwenye amplifaya ya gitaa akikataa besi isichomekwe kwenye chombo chake, msimwite mchoyo. Ana sababu. Kama hakuna njia nyingine, besi ipigwe kwa sauti ndogo na wengine wote washuke wamfuate. Na fyuzi ikikatika, usifunge karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi inakatika ili amplifaya isiungue, na umeme wetu wa kupanda na kushuka mnaujua wenyewe.

Kwa maoni yetu, uhaba huo uliwasaidia wapigaji wa zamani kwa jambo moja. Mtu aliyechomeka gitaa lake sanduku moja na mwenzake alijifunza kumwachia nafasi. Sikiliza nyimbo za Morogoro Jazz: magitaa hayapandiani. Solo ya Mbaraka inasubiri sauti imalize mstari ndipo ijibu, na wakati mwimbaji ni yeye mwenyewe anakuwa kama mtu anayezungumza na kivuli chake. Gitaa la pili halimfukuzi, linajaza matundu. Leo kila kijana akipata amplifaya yake anafungua mpaka mwisho, na sisi studio tunapata kazi ya kutafuta wimbo uko wapi.

Mbaraka akapata jina kuliko wenzake wote. Watu walimwita Soloist National, mpiga solo wa taifa, na halikuwa jina la kupewa na serikali. Morogoro Jazz ikarekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikasafiri mbali kuliko treni. Enzi hizo nyumba moja yenye redio ya betri ilisikilizwa na mtaa mzima. Alipouawa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, siku ya Krismasi mwaka 1971, wimbo wa maombolezo wa Morogoro Jazz ulikuwa sehemu ya namna watu walivyoipokea habari hiyo.

Kabla ya hapo, mwaka 1970, bendi ilikwenda Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo yaliyofanyika Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Fikiria, msikilizaji. Klabu ya mji wa mkonge na reli, iliyoanza kwa ada za wanachama, inapanda ndege kwenda kupiga katika nchi ambayo ilikuwa inatengeneza redio na amplifaya za kuuzia dunia nzima. Mbaraka alikuwa na miaka 26 tu.

Siku ya kuondoka

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaanzisha bendi yake, Orchestra Super Volcano.

Hapa ndipo maisha yake yanapogusana na meseji zenu. Mwanamuziki wa Tanzania wa wakati ule alipohama bendi aliondoka na nini? Aliondoka na vidole vyake, na sauti yake, na kichwa chenye nyimbo. Vyombo vya Morogoro Jazz vilikuwa vya Morogoro Jazz. Jina la Morogoro Jazz lilibaki Morogoro. Santuri zilizokuwa zimekwisha kuchapwa ziliendelea kuuzwa zikiwa na jina la bendi aliyoiacha.

Wapo wanaosema klabu za namna ile ziliwanyonya wanamuziki. Wapo wanaosema wanamuziki walikosa shukrani. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na haki. Mpiga solo ambaye nchi nzima inamjua hawezi kuambiwa akae milele kwa posho ya mlangoni. Lakini nyuzi alizojifunzia zilinunuliwa na watu ambao hawakuwahi kupanda jukwaani, na kama kila aliyeondoka angeondoka na gitaa, vijana wa nyuma yake wangejifunzia wapi? Yeye mwenyewe asingekuta gitaa la kushika.

Kulikuwa na njia ya tatu, ambayo wengi waliifuata. Baada ya Uhuru vyama na mashirika yalianza kumiliki bendi. Chama cha wafanyakazi NUTA kilikuwa na NUTA Jazz tangu katikati ya miaka ya 1960. Polisi walikuwa na bendi yao, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na yake, umoja wa vijana wa TANU ulianzisha Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Huko mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vyombo vilikuwa vya shirika, mshahara ulitoka kwa shirika, na mwanamuziki alipoacha kazi alirudisha gitaa kama dereva anavyorudisha ufunguo wa gari. Watu wa kwetu nao walikuwa na bendi ya kujivunia jijini, Western Jazz ya mwaka 1959, iliyobeba jina la Jimbo la Magharibi. Kahama yetu ilikuwa ndani ya jimbo hilo.

Mbaraka hakwenda kwa mwajiri. Alichagua bendi yake mwenyewe, na wakati haukuwa mwepesi. Magitaa ya umeme na amplifaya havikutengenezwa nchini. Vilitoka Ulaya, Marekani na Japani, na kuviingiza kulitaka fedha za kigeni, ambazo baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 zilizidi kuwa adimu. Katika klabu, spika ikichanika, hasara inagawanywa kwa wanachama. Katika bendi ya mtu mmoja, spika ikichanika, macho yote yanamgeukia yeye. Na nyuzi, na nauli, na chakula cha wapigaji njiani.

Hata hivyo Super Volcano ilisimama. Ilisimama kwa sababu jina lilikuwa lake sasa, na kwa sababu Nairobi ilimtaka. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Redio ilirekodi kwa ajili ya kutangaza, lakini aliyetaka santuri ya kuuza dukani alipaswa kuvuka mpaka. Wimbo wa Shida, ambao hata watoto wa leo wanaweza kuuimba mpaka katikati, ni wa kipindi hiki cha Super Volcano, na Wakenya waliupenda kama wao.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Kwa mkulima wa Msalala pengine hilo lilikuwa habari ya redioni tu. Kwa mwanamuziki aliyetegemea studio na viwanda vya Nairobi ilikuwa kama kufungiwa stoo ya vyombo kwa mara ya pili.

Januari 1979 Mbaraka alikuwa Mombasa. Tanzania ilikuwa vitani na Idi Amin, na redio zilikuwa zimejaa habari za Kagera. Tarehe 12 ya mwezi huo alipata ajali ya gari mjini humo na akafariki. Alikuwa na miaka 34. Habari ilipofika nchini, katikati ya habari za vita, wapo waliokataa kuamini mpaka waliposikia nyimbo zake zikifuatana moja baada ya nyingine bila maelezo mengi. Watangazaji tunajua maana ya nyimbo kufuatana hivyo.

Bendi mbili baada ya viongozi wawili

Tulisema tutarudi kwa Cuban Marimba. Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965 bendi iliendelea, ikarekodi, ikapata nyimbo mpya chini ya Kilaza, na watu wakaendelea kuingia ukumbini kwa jina lile lile. Morogoro Jazz nayo, Mbaraka alipoiacha, ilibaki na jina na vyombo, ingawa haikung'ara tena kama alipokuwa mbele yake. Super Volcano haikupata bahati ya Cuban Marimba. Ilikuwa imejengwa juu ya mtu mmoja, sauti yake, solo yake, mikataba yake, na mtu huyo alipoondoka haikudumu. Nyimbo ndizo zilizodumu.

Kwa hiyo ndugu zetu wa Segese, mkiandika kwenye daftari la kikundi, andikeni mapema, wakati bado mnapendana: gitaa hili ni la fulani na akiondoka anaondoka nalo, amplifaya hii ni ya mchango na inabaki, nyuzi zinanunuliwa na sanduku, anayechana spika kwa uzembe analipa, ikichanika kazini tunalipa wote. Mwenye amplifaya asiyepiga chombo naye awe na fungu lake kwenye malipo ya harusi, au aseme mbele ya wote kwamba hataki. Nyimbo nazo ziandikwe nani alitunga maneno na nani alitunga solo. Mistari sita saba inatosha, na mtu mzima mmoja asiye wa kikundi aishuhudie.

Jumamosi usiku tutapiga nyimbo za Morogoro Jazz na za Super Volcano zikifuatana, tukianza na za kabla ya 1973. Mwenye simu ya kurekodi aiweke tayari. Mara ya kwanza sikilizeni solo kama mnavyosikiliza siku zote. Wimbo ukirudiwa, acheni solo ipite, msikilize gitaa la pili.